Vinywele vya bakteria (pili, fimbria): ni vya kuogelea au vya kushikia? Ticha katuchanganya

Dogo PCB, saa 2:10 usiku

Wakuu heshima zenu, poleni na majukumu. Niko kidato cha tano PCB, leo tumeingia mada ya bakteria, ticha kachora ile picha ya siku zote, bakteria kama kidonge, mkia mrefu nyuma, halafu mwili mzima vinywele vifupi vifupi mpaka anafanana na shokishoki lililovutwa likawa refu. Akasema mkia ni flajela, vinywele ni pili, vyote kazi yake kuogelea. Nikanyoosha mkono nikauliza, ticha kama mkia wa kuogelea anao tayari, vinywele vyote hivyo vya nini tena? Akaniambia wewe andika. Nikaandika.

Sasa jioni hii nimefungua kitabu kingine wenyewe wanaviita fimbria, wanasema ni vya kujishikiza. Cha tatu kinasema pili ni ya kufanyia ngono, nimekifunga haraka maana nilikuwa prepo. Hivi pili na fimbria ni kitu kimoja au viwili? Vinafanya kazi gani hasa? Na hivi kitu kidogo hivyo kinatokaje nje ya seli bila kuitoboa? Naomba mnisaidie, mtihani wiki ya pili ya mwezi.

Kijiwe Nongwa, saa 2:14 usiku

Nimeona kichwa cha uzi nikajua kuna dada yetu Pili ana nywele nyingi. Nimekaa pale kwenye kona na karanga zangu, wataalamu wako njiani.

Bi Maabara, saa 2:51 usiku

Kijiwe acha zako, ila umegusa jambo bila kujua. Neno lenyewe ni Kilatini, pilus ni unywele mmoja na pili ni nyingi, halihusiani na moja mbili tatu wala na mtoto wa pili. Fimbria nayo ni Kilatini, maana yake matamvua, yale ya pembeni mwa shali. Mwaka 1955 Duguid na wenzake Uingereza wakaviita fimbria, miaka michache baadaye Brinton kule Marekani akaja na pili, kila mtu akabaki na jina lake na vitabu vikagawanyika hadi leo. Wengi huwa wanasema fimbria wakimaanisha vile vifupi vingi vya kujishikiza, na pili wakimaanisha vile virefu vichache, ila sio sheria, utakuta mtu anaandika pili kwa vyote na hakosei. Kwa hiyo dogo usipoteze usingizi kwenye majina.

Kwenye kuogelea ndo ticha kateleza. Flajela ina mota kwenye shina lake, inazunguka kama pangaboi la boti, ndo maana bakteria anaenda. Hivi vinywele vya kujishikiza havina mota ya kuzungusha, havipigi makasia, vimekaa tu. Na ni vyembamba kuliko flajela, flajela ni kama nanomita 20 kwenda juu, hivi ni 7 hivi. Unywele wa kichwani kwako ukiupasua mara elfu kumi ndo unafika hapo, kwa hiyo hii maikroskopu yetu ya kawaida ya maabara hata uweke lenzi ya mia na mafuta juu huvioni, hadi ya elektroni.

Lakini kuna namna ya kuviona bila kuviona. Nilipokuwa chuo tulifanyishwa hili zoezi na sijalisahau. Unachukua E. coli, yule bakteria wa utumboni, unamuotesha kwenye supu, unaiacha imetulia siku mbili, usiitikise, juu inaota utando kama ule wa maziwa yaliyopoa. Wale waliopanda juu kwenye utando ndo wenye vinywele. Unaweka tone lao kwenye kigae, unaongeza tone la damu ya simbilisi iliyooshwa, unainamisha kigae huku na huku taratibu. Haipiti dakika ile damu iliyokuwa laini kama uji wa mtoto inaanza kuganda vipunje vipunje kama mchanga mwekundu. Vinywele vinashika chembe hii na ile, vinazifunga pamoja. Sasa rudia ukiwa umetia sukari moja inaitwa manosi. Hakuna kinachoganda. Damu inabaki laini vilevile. Kwa nini? Kwa sababu ncha ya kile kinywele ndo imetengenezwa kushika manosi iliyoko juu ya chembe, ukiimwagia manosi ya bure mikono yote inakuwa imeshajaa.

Hiyo ncha ni protini moja inaitwa FimH. Chini yake ndo kamba yenyewe, protini nyingine FimA, vipande zaidi ya elfu moja vinafuatana vimejizungusha kama springi. Mwili wenyewe wa bakteria una urefu wa maikromita 2 hivi, na kinywele kinaweza kufika moja mpaka mbili. Anavyo mamia.

Na hapa ndo utamu ulipo. Fikiria uko kwenye kibofu, kila baada ya saa kadhaa linapita bomba la mkojo, kila kisichoshika kinatoka. Huyu mdudu kashika ukuta kwa FimH. Kitu cha kawaida ukikivuta kinaachia, FimH ukiivuta inakaza. Ni tanzi, lile la kunasia kanga, kadiri anavyojivuta ndo linavyombana. Mkojo ukitulia inalegea kidogo, mdudu anasogea, anashika mbele. Halafu ile kamba nayo inafunguka mizunguko yake, kama ule waya wa simu za mezani za zamani uliokuwa unajikunja, inarefuka mara kadhaa bila kukatika, mkojo ukiisha inajikunja tena. Kwa hiyo mvutano wote unamezwa na springi, ncha haing'oki. Sijawahi kuona fundi anayetengeneza kitu cha hivyo.

Dogo PCB, saa 3:05 usiku

Daah. Kwa hiyo ni mikono sio makasia. Mbona notsi hazisemi hivi.

Mama Nasra, saa 3:22 usiku

Jamani samahanini naingilia, mimi sio wa baiolojia, nimefuata neno mkojo. Mwaka jana nimeumwa UTI mara nne. Namaliza dozi, nakaa wiki tatu nne, inarudi palepale, na kuna zahanati naenda wananipa dawa ileile hata hawapimi. Naambiwa ninywe maji mengi nisafishe kibofu. Sasa Bi Maabara unasema wadudu wanakaza zaidi mkojo ukipita, si bora nisinywe basi? Na kuna dada mtandaoni ananiuzia unga wa hiyo hiyo manosi, bei yake sitaki hata kusema.

Bi Maabara, saa 3:58 usiku

Mama Nasra kunywa maji dada yangu, usije ukaacha kwa ajili ya maneno yangu. Tanzi linakaza ndiyo, ila sio wote wenye vinywele. E. coli ana kipande cha DNA kinachogeuka huku na huku kama swichi ya ukutani, upande huu anaota vinywele, upande ule hana. Kundi moja, mama mmoja, wengine wanavyo wengine hawana. Wasio navyo unawakojoa. Na figo zako zinatengeneza protini moja inaitwa uromoduli, imejaa manosi, inaelea kwenye mkojo kama chambo, FimH inaishika ikidhani imepata ukuta, halafu chambo na mdudu vyote vinakwenda chooni. Na kuna utafiti wa mwaka 2018, wanawake waliokuwa wananywa maji kidogo na UTI inawarudia, waliongezewa lita moja na nusu kwa siku, kurudi kwa ugonjwa kukapungua karibu nusu. Hayo ni maji tu.

Unga wa manosi wazo lake ni zuri kwenye karatasi, ni lile lile zoezi la kigae. Ila wakalipima vizuri Uingereza, wanawake karibu 600, miezi sita, nusu manosi nusu sukari nyingine ya kawaida, bila kujua nani kapewa nini. Majibu yalitoka 2024, hakukuwa na tofauti ya maana. Kigae sio kibofu. Kwa hiyo hela ya huyo dada nunua matunda.

Kinachonisumbua kwako ni kurudi. Kwenye panya wa maabara imeonekana kwamba kinywele kikishashika, mdudu anavutwa ndani ya seli ya ukuta wa kibofu, anakaa humo amejificha, mkojo haumpati na dawa nyingi hazimfikii, baadaye anatoka. Na pia inawezekana kabisa dawa unayopewa mdudu wako ameshaizoea. Kwa hiyo usikubali tena kupewa dawa kwa macho, omba waoteshe mkojo, wajue ni mdudu gani na anauawa na dawa ipi. Inachukua siku mbili tatu, vumilia. Ukianza homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni usisubiri hizo siku, nenda hospitali siku hiyohiyo, hapo huenda wamepanda kwenye figo. Wale wa figo wengi wana aina nyingine ya kinywele, ncha yake inaitwa PapG, haitaki manosi, inataka sukari nyingine iliyoko kwenye seli za figo. Ufunguo mwingine mlango mwingine.

Jamaa wa Kondele, saa 4:09 usiku

Niaje wasee. Huku Kenya tulisoma hiyo ya sex pilus na mwalimu alikuwa anaipita haraka kama hiyo prepo yako lol. Dogo hiyo ni kweli, bakteria mmoja anatoa pilus moja ndefu, anashika mwenzake, DNA inapita ndani kama majani ya soda. Na kuna bakteria wengine pili zao zinapitisha stima kabisa, Geobacter, wanaita nyaya. Hiyo niliona kwa documentary.

Mchimba Chumvi, saa 5:40 usiku

Habari wanajamvi, niko Ujerumani kusini huku masomoni, kazi yangu ni hizi hizi nywele ila za arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa macho ila ni ukoo mwingine. Nimechelewa kuuona uzi nikaona niseme kabla hamjalala.

Kondele yako ya kwanza ni kweli ila ina historia. Lederberg na Tatum mwaka 1946 walionyesha kwamba E. coli wanabadilishana urithi. Bernard Davis mwaka 1950 akaweka makundi mawili kwenye bomba la umbo la U, katikati chujio linalopitisha maji na chakula lakini sio bakteria, mabadilishano yakakata kabisa. Maana yake lazima wagusane. Baadaye ndo ikajulikana kuna kinywele, kinaitwa pilasi ya F, mdudu anakuwa nazo chache tu, inaweza kufika maikromita 20, yaani mara kumi ya mwili wake. Fikiria wewe una mkono wa mita kumi na saba. Anaurusha, unashika jirani, anauvuta ndani mpaka wanabanana, halafu DNA inapita. Sasa vitabu vingi vilisema DNA inapita wakishabanana tu na hiyo ya mrija ni hadithi, mpaka 2023 watu wakaonyesha kwamba inaweza kupita ndani ya pilasi yenyewe hata wakiwa mbalimbali. Kwa hiyo mwalimu wako wa Kenya aliyeipita haraka alikuwa sahihi kabla ya wakati, sijui kwa bahati au vipi. Na hiki sio kichekesho maana ndo njia mojawapo kubwa usugu wa dawa unavyohama. Japani miaka ya 1950 walikuta Shigella wa kuhara sugu kwa dawa kadhaa kwa mkupuo, 1959 ikaonekana usugu wote huo unahamishwa kwa kugusana, usiku mmoja tu kwenye chupa. Mama Nasra hiyo dawa ileile unayopewa bila kupimwa ndo inafika huko.

Ya pili, stima. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba pili za Geobacter zinapitisha umeme na dunia nzima ikafurahi, mimi mwenyewe nilishawahi kuandika proposo juu yake. 2019 wakaziangalia kwa hadubini ya elektroni ya kugandisha wakakuta zile nyaya sio pili kabisa. Ni protini nyingine, OmcS, imejipanga kama ushanga na ndani yake mstari wa hemu, hizi hizi zenye chuma kama kwenye damu yako, elektroni zinaruka kutoka hemu moja hadi nyingine. Kwa macho unywele ni unywele, ila ukisogea karibu ni kitu kingine. Proposo yangu nimeitunza kwa ajili ya kunishusha.

Sasa dogo, ticha wako hajakosea asilimia mia. Kuna aina inaitwa pili ya nne (Kijiwe usianze) na hii inamwendesha mdudu kweli, ila sio kuogelea. Anarusha kamba mbele, ncha inanasa, anaivuta ndani, mwili unafuata. Mvuvi aliyekwama kwenye maji machache anatupa nanga mbele halafu anavuta kamba mpaka dau linaifikia nanga, ni hivyo hivyo. Anatambaa kwa mikupuo. Kamba inavutwa kama maikromita moja kwa sekunde, yaani vipande kama elfu moja vinavunjwa shinani kila sekunde na kurudishwa stoo kwenye utando, akitaka anavitumia tena. Nguvu yake ni pikonyutoni 100 hivi. Kwako haina maana hiyo namba, ila ni kama mara elfu kumi ya uzito wa mdudu mwenyewe. Wewe wa kilo 70 ungevuta tani 700.

Anayetumia hii sana ni mdudu wa kisonono, na wa homa ya uti wa mgongo. Na wa kisonono ana ujanja wa ziada, ana jeni moja inayotengeneza kinywele na pembeni ana nakala kibao zilizokatika katika, anachota kipande huku anapachika kule, kinywele kinabadilika sura kila mara. Kinga yako inajifunza sura ya jana. Ndo maana mtu anaugua kisonono leo na mwezi ujao tena kama vile hajawahi. Waliwahi kutengeneza chanjo ya vinywele vyenyewe, ikajaribiwa kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa Korea, ikagonga mwamba.

Na kipindupindu nacho. Mdudu wa kipindupindu ana vinywele vya aina tatu tofauti za hiyo familia, nitaje viwili. Kimoja kinawakusanya vishada kwenye utumbo. Lakini hicho hicho kuna kirusi cha bakteria kinakitumia kama kamba ya kuingilia, na hicho kirusi ndo kimebeba jeni ya sumu ya kipindupindu, ile inayokuharisha maji ya mchele. Ilichapishwa 1996. Yaani mdudu asiye na sumu anaweza kuipata kupitia unywele wake. Kinywele kingine anakitumia akiwa baharini juu ya maganda ya kamba, wale wa kuliwa, na vijidudu vya jamii hiyo, akigusa lile ganda anaanza kuvua DNA za wenzake waliokufa. Mwaka 2018 kuna maabara Marekani walivipaka rangi ya kung'aa wakachukua video, unaona kabisa kinywele kinatoka, kinagusa uzi wa DNA, kinauvuta ndani. Tafuta uitazame, ni sekunde chache tu, mimi nimeirudia kama mara thelathini.

Kijiwe Nongwa, saa 5:52 usiku

Pili ya nne. Sijasema kitu. Karanga zimeisha.

Dogo PCB, saa 11:20 alfajiri

Wakuu nimeamka nasoma huu uzi kabla ya namba. Mchimba umesema arkea halafu hujasema arkea wana nini. Na swali langu la kutoka nje bila kutoboa bado.

Bi Maabara, saa 12:45 asubuhi

La kutoka nje nachukua mimi nikiwa kwenye daladala. Kile cha kibofu kinasukwa kama ukili, ila kinasukwa kikitokea shinani. Kwenye utando wa nje kuna tundu maalumu la protini, FimD, kama mlango wenye mlinzi. Vipande vinatengenezwa ndani, kila kimoja kinashikwa na mpambe wake FimC asije akajikunja vibaya au akashikana na wenzake njiani. Kila kipande kina mfuko ubavuni ulio wazi, yaani hakijakamilika, na kina mkia mbele. Mpambe anaziba mfuko kwa muda. Wakifika mlangoni, mkia wa kipande kinachofuata unaingia kwenye mfuko wa kilichotangulia, mpambe anatoka, mfuko umezibwa moja kwa moja. Kinasukumwa nje, kinakuja kingine. FimH ndo inatangulia wa kwanza ndo maana iko nchani. Na hapo mlangoni hakuna nishati ya ATP inayotumika, kule kuzibana tu kunatosha kusukuma. Hakuna gundi. Lakini kuchomoa kile mkia kwenye ule mfuko ni shughuli, kamba hata uichemshe kidogo haiachii.

Flajela ni tofauti, yenyewe ina tundu katikati, vipande vinapita ndani ya mrija vinaenda kuongezwa nchani. Hilo hupenda kutoka mtihani. Nashuka.

Daktari wa Nguruwe, saa 3:30 asubuhi

Nipite tu kwa upande wa mifugo maana naona mnazungumzia watu. Wanaofuga nguruwe wanaijua ile kuhara ya vitoto, vya siku mbili tatu, maji ya njano, kesho yake vimekauka vimekufa. Mara nyingi ni E. coli mwenye kinywele kinaitwa K88, siku hizi F4. Bila kile kinywele mdudu anapita tu utumbo mwembamba kama abiria, akiwa nacho anashika ukuta na kumwaga sumu papo hapo. Na kuna nguruwe wamezaliwa utumbo wao hauna ile sukari ya kushikwa, mdudu anakuja anakosa pa kushika, kitoto hakihari. Ilionekana tangu miaka ya 1970. Ndama nao wana cha kwao, K99, kinawapata siku za mwanzo tu, akikua utumbo unabadilika hakishiki tena.

Chanjo yake ni vinywele vyenyewe, na hachanjwi mtoto, anachanjwa mama akiwa na mimba. Anatengeneza kinga dhidi ya kinywele, inaingia kwenye dang'a, kitoto kikinyonya ile dang'a inaenda kuvisha vinywele vya mdudu kofia, havishiki. Ila kinyonye saa za mwanzo. Nimeona mtu kachanja jike vizuri, gharama kalipa, halafu vitoto vimezaliwa usiku akaviweka kwenye boksi la joto mpaka asubuhi. Alipoteza saba kati ya kumi na moja.

Mchimba Chumvi, saa 4:15 asubuhi

Aisee hiyo ya boksi imeniuma.

Haya dogo, arkea. Kwanza wao mkia wa kuogelea wanao lakini sio flajela. Unazunguka vilevile, ukiangalia kwa mbali utasema ni kile kile, ila ukikifungua ndani ni ndugu wa hiyo pili ya nne niliyosema. Ni mwembamba zaidi, hauna tundu katikati, unaota kutokea shinani, na mota yake inakula ATP wakati ya flajela inaendeshwa na mkondo wa protoni au sodiamu. Kwa hiyo mwaka 2012 Jarrell na Albers wakasema tuuite jina lake, arkela. Watu walinuna ila jina limekaa. Ona ukoo mmoja wa protini, bakteria kautumia kwa kamba ya nanga, arkea kautumia kwa pangaboi. Na ticha akikuuliza arkea wanaishi wapi usiende mbali, yale maji ya waridi ya Ziwa Magadi Kenya rangi yake inatokana na arkea wa chumvi, na mmoja kapewa jina la hapohapo, Natrialba magadii.

Kwenye chemchemi za asidi za moto kuna Sulfolobus, huyu ukimpiga mwanga wa urujuani DNA yake ikaharibika anaota vinywele maalumu haraka, anajikusanya na wa aina yake tu, wanapeana DNA nzima ili kurekebisha iliyoharibika. Mwingine Pyrodictium, yeye anapenda nyuzi 100 na zaidi, anaunganisha seli na seli kwa mirija mitupu ya nanomita 25, ukikuza picha ni kama mji wenye mabomba.

Lakini kipenzi changu kiko karibu na hapa ninapoishi. Nje ya Regensburg kuna kibwawa cha chemchemi ya salfa, maji baridi ya nyuzi 10 hivi, yananuka yai viza. Kwenye mkondo unaona nyuzi nyeupe zinacheza na juu yake vipunje vyeupe kama lulu zilizotungwa. Ndani ya punje kuna mamilioni ya arkea, na kila mmoja ana vinywele kama mia moja vinaitwa hami. Hamus ni ndoano kwa Kilatini. Kinywele chenyewe nanomita 7 au 8, na kila baada ya nanomita 46 kuna miiba mitatu inatoka kama senyenge kabisa, halafu nchani ndoano yenye meno matatu, nanga ya mtumbwi. Kitu kizima kimetengenezwa hasa kwa protini moja, na hakidhuriki kwenye asidi kali wala magadi makali, kuanzia nyuzi 0 hadi 70. Walichapisha 2005. Mara ya kwanza kuona ile picha nilidhani mtu kaichora. Wanashikana kwa zile ndoano, seli na seli haziganduani lakini pia hazibanani, zinaachiana nafasi sawasawa kama viazi kwenye wavu, na maji yanapita katikati na chakula. Hakuna mkojo wa kuwasomba pale, kuna mkondo wa chemchemi tu, shida ni ile ile.

Mama Nasra, saa 7:02 mchana

Nimerudi kusema nimeenda, wamechukua mkojo wanaotesha, majibu Alhamisi. Yule dada wa unga nimemwambia kigae sio kibofu akaniblok.

Dogo PCB, saa 1:35 usiku

Wakuu mbarikiwe. Leo nimechora upya ukurasa mzima, E. coli na tanzi, kipindupindu na uzi wa DNA, pembeni nikachora hamus na miiba yake yote na nanga, nikampelekea ticha mapumziko. Kaangalia muda mrefu sana, kimya. Akauliza hizi ndoano umezitoa wapi. Nikamwambia Ujerumani. Akacheka, akasema kwenye mtihani andika kujishikiza na kupeana DNA, ndoano ziache. Halafu akaomba daftari akalipige picha.